Opera Isiyo na Maleba Mbele ya Ukuta wa Warumi

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninaishi Marseille, na mwezi Julai nimealikwa Orange, mji wa kusini mwa Ufaransa, kusikiliza opera katika ukumbi wa wazi uliojengwa na Warumi wa kale. Nimeelezwa kwamba opera hiyo itatolewa kwa mtindo wa konseti, yaani bila maleba wala mandhari ya jukwaani. Je, huko si kuuziwa nusu ya kazi? Tena, watu zaidi ya 8,000 wanawezaje kumsikia mwimbaji asiye na kipaza sauti?
Msomaji, Marseille

JIBU: Ndugu msomaji, muziki utakaousikia ni ule ule alioutunga mtunzi. Kinachoachwa ni uigizaji kamili pamoja na mapambo yake. Okestra, ambayo katika opera ya kawaida hukaa chini mbele ya jukwaa, hupandishwa jukwaani. Kwaya hupangwa nyuma yake, na waimbaji wakuu husimama mbele kabisa, kandokando ya kiongozi wa okestra, wakiwa katika suti na magauni ya jioni. Mpangilio huo ni mgumu kwao kuliko unavyoonekana, kwa sababu huwaelekea watazamaji na hawamwoni kiongozi ila kwa kumtupia jicho, huku okestra nzima ikivuma mgongoni mwao.

Hata hivyo, si opera zote zinazofaa kutolewa hivyo. Kichekesho kama Il barbiere di Siviglia cha Rossini, chenye watu wa kujibadilisha sura na kuingia nyumbani mwa wenzao kwa hila, hupoteza mengi kikiondolewa mchezo wa jukwaani. Lakini chukua Il trovatore ya Verdi: mambo yake mazito yamekwisha kutokea kabla pazia halijafunguliwa, nasi huyajua kwa kusimuliwa. Ferrando huwasimulia askari, Leonora humsimulia mwenzake, na Azucena husimulia jinsi mama yake alivyochomwa moto na jinsi yeye mwenyewe, kwa kupagawa, alivyomtupa motoni mtoto wake badala ya mtoto wa adui. Simulizi ya namna hiyo haihitaji zaidi ya sauti, na naamini kwa dhati kwamba mwimbaji mzuri aliyesimama tuli mahali pamoja huitia uchungu ambao mandhari ya mbao na rangi huweza kuupunguza.

Kuhusu kusikika, hapo ndipo ukumbi wenyewe unapofanya kazi. Ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 1, na viti vyake vya mawe vimeegemea mlima wa Saint-Eutrope kwa umbo la nusu duara. Mbele ya viti umesimama ukuta wa jukwaa wenye urefu wa mita 103 na kimo cha mita 37 hivi, na ni miongoni mwa kuta chache sana za aina hiyo zilizobaki zimesimama karibu kwa ukamilifu. Sauti inayoimbwa uwanjani hutawanyika pande zote ikapotea, ila hapa ile inayokwenda nyuma hugonga mawe ikarudishwa kwa wasikilizaji. Viti navyo vimepanda kwa mwinuko mkali, hivyo sauti humfikia kila mtu bila kuzuiwa na vichwa vya walio mbele yake. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi wa zama za Kaisari Augusto, aliandika kwamba sauti huenea kwa duara kama maji yaliyotupiwa jiwe, na kwamba ngazi za viti zipangwe ili duara hizo zipande bila kukatwa. Mwimbaji wa opera naye amefunzwa kukaza nguvu ya sauti yake kwenye mitetemo ya karibu 3,000 kwa sekunde (hezi 3,000), ambako okestra ni dhaifu, ndiyo maana sauti ya mtu mmoja hupenya juu ya ala nyingi.

Msaada huo una mpaka. Paa la mbao la Warumi juu ya jukwaa lilitoweka zamani, na lile la chuma na vioo lililowekwa mwaka 2006 ni la kuukinga ukuta na mvua. Kwa hiyo sauti haidumu hewani kama katika jumba lililofunikwa: maneno husikika wazi, lakini ala za nyuzi zikipigwa polepole huweza kufifia. Adui mkubwa zaidi ni mistral, upepo wa kaskazini ushukao bonde la Rhône. Mwaka 1974 mwimbaji Mhispania Montserrat Caballé aliimba opera Norma ya Bellini hapo huku upepo huo ukipeperusha mavazi yake, na filamu ya usiku ule bado hutazamwa kwa mshangao.

Gharama nayo ni sababu ya kuchagua konseti, kwani jukwaa ni pana mno na opera moja huonyeshwa usiku mmoja au miwili tu. Chukua mto wa kukalia na shali, maana onyesho huanza giza likiingia na mawe ni magumu.

SWALI: Je, Warumi nao waliimba opera katika kumbi hizo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Walitazama vichekesho, tanzia na zaidi michezo ya mcheza ngoma mmoja aliyeigiza hadithi bila kusema huku kwaya na ala zikimfuata. Opera ilizaliwa Italia yapata miaka 1,600 baadaye, na ya kwanza ambayo muziki wake umetufikia ni Euridice ya Jacopo Peri, iliyoonyeshwa Florence mwaka 1600. Hata hivyo undugu upo, na ni wa kweli: wasomi wa Florence walioianzisha waliamini kwamba tanzia za Wagiriki wa kale ziliimbwa, nao walikuwa wakijaribu kuzihuisha. Orange ilichelewa kukutana na uzao huo, kwa kuwa kwa karne nyingi watu walijenga nyumba ndani ya ukumbi, zikaja kubomolewa katika karne ya 19. Mwaka 1869 opera Joseph ya Méhul ikaimbwa katika sherehe mbele ya ukuta ule, na tamasha lililotokana na sherehe hizo, Chorégies, lingali likifanyika kila kiangazi.