Kukereza chombo cha maua cha mninga, na namna ya kukipiga picha

Wanaoanza kazi ya kukereza, yaani kuchonga mti unaozungushwa na mashine, huuliza mapema mno kuhusu vanishi. Uliza kwanza kuhusu umbo. Chombo cha maua hutazamwa kabla ya kushikwa, na mstari wake wa nje ukiwa na kigongo mahali pasipostahili, vanishi hukitangaza kigongo hicho, maana mwanga unaoteleza juu ya mti hukatika papo hapo.

Kwa kazi za mwanzo tafuta mninga mkavu. Mpingo una heshima yake, kwa klarineti na kwa vinyago vya Kimakonde, ila ni mgumu, ni mzito hata huzama majini, hukauka polepole na hupasuka ukiharakishwa. Mninga hausinyai sana na hukatika vizuri. Ukipewa gogo bichi la mwembe, likereze umbo la awali tu, nje na ndani, ukuta uuache na unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo (yaani sentimita 1.5 kwa gogo la sentimita 15), paka nta kwenye ncha, liweke kivulini miezi kadhaa, ndipo ulirudie.

Kabla ya kuwasha mashine, zungusha gogo kwa mkono uone kama linagusa egemeo, yaani chuma cha kuegemezea kifaa cha kukatia. Gogo la kipenyo cha sentimita 15 ambalo bado halijawa duara lianze kwa mizunguko isiyozidi 600 kwa dakika. Vua glavu, kunja mikono ya shati, vaa kinga ya uso, na barakoa pia, kwa sababu vumbi la miti hii huwasha pua na kifua.

Bobari, ile patasi yenye makali yaliyopinda, iwe kali. Lalia mgongo wake juu ya mti kwanza, kisha inua mpini taratibu mpaka makali yaanze kukata. Nje, kata kutoka penye unene kuelekea penye wembamba. Ukienda kinyume unainua nyuzi na kujiongezea kazi ya msasa. Kwa ndani, toboa katikati kwanza hadi kina unachotaka, halafu panua kidogo kidogo ukipima ukuta kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene.

Sasa umbo lenyewe. Tumbo lisikae katikati kabisa ya kimo. Likiwa theluthi ya juu chombo kinapata mabega na kinasimama kwa maringo. Likiwa theluthi ya chini kinatulia. Napenda zaidi lile la juu, na kitako kiwe kama theluthi ya upana wa tumbo, kikiwa kimebonyea kidogo kwa chini ili chombo kisiyumbe mezani. Mti unapozunguka, usikodolee macho ncha ya bobari. Tazama ukingo wa juu wa mti, huko ndiko mstari unakojichora. Tundika karatasi nyeupe ya manila nyuma ya mashine na utauona waziwazi.

Ukifikiri umemaliza kukata, zima mashine, weka taa nyuma ya ile manila, upige picha kwa simu. Chombo kitatoka cheusi, bila rangi wala nyuzi, umbo tupu. Igeuze picha juu chini. Kasoro ambayo jicho lako lilishaizoea itajitokeza, na bado una nafasi ya kuirekebisha. Hapo ndipo uje kwenye msasa, kutoka namba ya chembe kubwa hadi ya chembe ndogo: 120, 180, 240, 320, bila kuruka hatua. Mafuta ya kitani yapake mashine ikiwa imezimwa, na vitambaa vilivyolowa uvitandaze nje vikauke, kwani vikikunjwa na kurundikwa huweza kuwaka vyenyewe.

Picha ya mwisho ipigwe kando ya dirisha lisiloingiza jua kali. Mwanga utoke ubavuni, na upande wa pili simamisha manila nyeupe ili kivuli kisimeze nusu ya chombo. Zima taa za ndani. Mwanga wa balbu ukichanganyika na wa dirisha, mninga hugeuka rangi ya chungwa. Usisogeze simu karibu, maana mdomo huonekana mpana na kitako kikanywea. Rudi nyuma mita mbili, uvute kwa kamera. Kimo cha simu kipite kidogo ule mdomo, mtazamaji aone uwazi wake. Kwa mti mweusi, kamera hujaribu kuung'arisha hadi uwe kijivu. Gusa kioo penye chombo, kisha punguza mwanga.

Unapoiweka picha sokoni, taja aina ya mti, kimo na kipenyo, na useme wazi kwamba chombo ni cha maua makavu. Mteja anayetaka maua mabichi mtilie bomba la kioo ndani, na picha mojawapo ilionyeshe bomba hilo.