Nyama ya farasi: haramu au kinyaa tu?

SWALI: Asalaam aleikum Mjomba. Mdogo wangu anasoma Kazakhstan, juzi katuma picha kwenye grupu la familia yuko mezani na soseji nene, kaandika "farasi huyo, tamu kweli". Mama tangu siku ile hapokei simu yake, anasema mtoto kala haramu, ati farasi na punda si kitu kimoja? Mie niko katikati hapa. Ni haramu kweli?
Kaka mtu, Wete

JIBU: Waaleikum salaam. Mama mpoze kwanza. Hiyo soseji wenyewe wanaiita kazy, nyama ya mbavu na mafuta yake, inatiwa vitunguu thomu na chumvi ikashindiliwa kwenye utumbo wa farasi, na huwa anawekewa mgeni, kwa hiyo mtoto kakirimiwa.

Punda ndo haramu, hapo mama hajakosea. Siku ya vita vya Khaibar Mtume (SAW) alikataza nyama ya punda wa kufugwa akaruhusu ya farasi, hadithi hiyo kaipokea sahaba Jabir, na Bi Asmaa binti Abubakar kasema walichinja farasi zama za Mtume wakamla. Imamu Shafi, ambae wengi wetu visiwani ndo tunamfuata, kasema halali. Aliyeikirihi ni Abu Hanifa, kwa ile aya ya Suratu Nnahli kwamba farasi, nyumbu na punda wameumbwa wapandwe na wawe pambo. Sasa cheka, Wakazakh ni Mahanafi na wanakula, sisi Mashafi tulohalalishiwa ndo tunatapika!

Kinyaa tu hicho. Hapa farasi tunamuona ufukweni kabeba mtalii, nani atamuwaza kwenye sufuria? Wazungu nao wana yao, Papa Gregory III aliwakataza tangu mwaka 732, Ufaransa wakaja kuruhusu iuzwe 1866, halafu Waingereza 2013 ilipogundulika baga za ng'ombe zina farasi ndani ikawa kelele nchi nzima, ingawa pale na udanganyifu ulikuwemo. Mie nilimpeleka mgeni wa bara Forodhani, kuona mnyiri wa pweza na vile vikombe vyake akasukuma sahani akala muhogo mtupu, na pweza mwenyewe alikuwa laini siku ile, nkamla mie.

Kusema kweli farasi hata mie nikiletewa ntasema nimeshiba. Mdogo wako muulize moja tu, nani kachinja. Akikujibu mpe mama simu, ila kule wako mbele saa mbili, msingoje mpaka baada ya isha.