Iliitwa baada ya nani, na ilikuwa inasubiri nini?

Msomaji kaniuliza: "Mwalimu shikamoo. Nimeandika hivi: 'Kimondo Ceres kiligunduliwa na Piazzi mwaka 1801, kikaitwa baada ya mungu wa kike wa Kirumi.' Rafiki yangu anakataa neno kimondo, anataka asteroidi. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Rafiki yako kashinda, tulimalize hilo haraka. Kimondo ni lile jiwe linaloingia kwenye anga letu likawaka, unaliona mara moja limeshapotea. Ceres haijawahi kuja huku, iko zake kati ya Mirihi na Mshtarii inazunguka jua, na tangu 2006 wameipandisha cheo eti ni sayari kibete. Asteroidi ndiyo hayo mawe yanayozunguka jua; neno lenyewe asili yake Kigiriki, maana yake "mfano wa nyota", aliyelileta ni mwanaastronomia William Herschel mwaka 1802 kwa sababu kwenye darubini vitu hivyo vilionekana nukta tu. Basi.

Sasa nyie wawili mmebishania kimondo weee, mwiba wenyewe mmeuruka. "Kikaitwa baada ya." Baada ya nini jamani? Baada ya ni habari ya wakati: baada ya kula, baada ya mvua, baada ya mechi. Mimi nikisoma "iliitwa baada ya mungu wa kike" nakaa nasubiri, kwani mungu wa kike alifanya nini kwanza, alimaliza kuoga? Hiki ni Kiingereza, "named after", kilichovalishwa kanzu. Sisi tuna "ilipewa jina la", tuna "imeitwa kwa jina la", tena tuna somo na wajina kabisa, mtoto akipewa jina la bibi yake anakuwa somo yake bibi, hakuna anayesema kaitwa baada ya bibi, bibi mwenyewe akisikia atadhani mmeshamzika.

Na huyo Piazzi, mwanaastronomia wa Kitaliano, ndo anazidi kuwaumbua. Aliiona pale Palermo, Sisilia, tarehe 1 Januari 1801, akaiita Cerere Ferdinandea, nusu jina la mungu wa kilimo, nusu la mfalme wake Ferdinand. Haya andika "iliitwa baada ya Mfalme Ferdinand" uone ulivyomuua mtu, wakati mfalme kaishi mpaka 1825! (Hilo Ferdinandea lenyewe mataifa mengine walilikataa, likafa kabla ya mwenye jina.)

Kwa hiyo ya kwako iwe: "Asteroidi Ceres iligunduliwa na Piazzi mwaka 1801, ikapewa jina la mungu wa kike wa Kirumi." Fupi, na hakuna anayesubiri mtu atoke bafuni.

Ila kuna sehemu moja nawaachia. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia unampa mgunduzi miaka 10 ya kupendekeza jina asteroidi yake ikishapata namba, lisizidi herufi 16, na kama ni jina la mwanasiasa au mwanajeshi basi awe ameshakufa miaka 100 iliyopita. Huyo sawa, asteroidi itaitwa jina lake baada yake, tena baada yake sana, hapo hata mimi nanyamaza.