Gari jeusi na vumbi la Dodoma: polishi au nta?

Kaka, umeuliza upake polishi au nta kwenye Noah yako nyeusi inayolala nje hapa Dodoma. Ni kazi mbili tofauti. Polishi inakwangua kidogo sana kliya, ile tabaka angavu inayofunika rangi, ili kufuta mikwaruzo. Nta ndiyo inayokinga. Kwa jua letu chukua silanti, ile nta ya maji ya kiwandani, inakaa miezi kadhaa. Kanauba, nta ya asili ya mmea, inapendeza mno kwenye nyeusi, lakini joto hili linaimaliza ndani ya wiki chache.

Adui mkubwa hata hivyo ni kitambaa chako. Ile michirizi ya duara inayoonekana jua likipiga boneti inatokana na kupangusa vumbi kavu: unaburuta mchanga juu ya rangi. Tafadhali usiguse bodi kabla ya kuimwagia maji mengi. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia sponji. Sabuni ya unga inaondoa nta, iache.

Polishi laini mara 1 kwa mwaka yatosha. Kliya ikiisha ni kupiga rangi upya. Fanya asubuhi mapema, kivulini, boneti ikiwa baridi mkononi. Weka polishi matone 4 ya ukubwa wa punje ya haragwe, sugua eneo la sentimita 50 kwa 50, futa kwa taulo la maikrofaiba. Bodi ikiwa ya moto polishi hukaukia hapo hapo na kuacha ukungu mweupe. Plastiki nyeusi za pembeni zizibe kwa selotepu ya karatasi, zikiingia polishi hubaki na madoa.