Mwanangu rubani amkatize mkubwa wake?

SWALI: Shikamoo mzee. Kijana wangu anasomea urubani. Ananiambia mwalimu wake humtaka arudie kila namba anayopewa na waongoza ndege, hasa wakati wa kuteremka, na humkaripia akiona jambo lina walakini akanyamaza. Mimi nimemlea asiwakatize wakubwa maneno. Je, huko hewani adabu ni nyingine?
– Mama wa mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Malezi yako ni mema, lakini katika hili mwalimu wake ana haki. Nimeongoza ndege mnarani kwa miaka mingi, na vijana wanaonyamaza ndio walionitia hofu kuliko wasumbufu.

Tarehe 1 Desemba 1974 Boeing 727 ya TWA, shirika la ndege la Marekani, safari namba 514, ilikuwa ikienda Washington, Marekani. Kwa sababu ya upepo mkali ikaelekezwa uwanja wa Dulles. Ikiwa bado zaidi ya maili 40 kutoka uwanjani, mwongoza ndege akawapa ruhusa ya kuukaribia ili watue. Mwinuko hakuutaja. Yeye aliamini marubani watafuata ramani na kushuka hatua kwa hatua. Wao wakaamini asingewaruhusu kama mbele kuna mlima. Wakaanza kuteremka kuelekea futi 1,800.

Kinachoniuma ni yale yaliyobaki kwenye kinasa sauti. Kapteni mwenyewe aliona kwenye ramani kwamba kabla ya kufika Round Hill, alama iliyo kwenye njia ya kuelekea uwanjani, hawatakiwi kuwa chini ya futi 3,400, na akalisema. Mhandisi wa ndege akamuuliza ameliona wapi, akamwonyesha. Rubani msaidizi akaanza: "Sawa, lakini..." Hakumaliza. Kapteni akadakia kueleza kwamba ukishapewa ruhusa, unaweza kushuka, na sauti nyingine ikaafiki. Dakika chache baadaye wakagonga mlima Mount Weather, Virginia. Wote 92 walikufa.

Alichotaka kusema baada ya ile "lakini" alikufa nacho. Sijapata kuisoma habari ile bila kumsikitikia. Namba sahihi ilikuwa imeshatajwa mle ndani, kilichokosekana ni mtu wa kuishikilia.

Tena wiki kama sita kabla, ndege ya United, shirika jingine la Marekani, ilipewa ruhusa ya namna hiyohiyo katika njia hiyohiyo, ikaponea chupuchupu. Marubani wa United walitahadharishwa. Wa TWA habari haikuwafikia. Baada ya msiba, mwaka 1976, ukaanzishwa utaratibu unaosimamiwa na NASA, shirika la Marekani la safari za anga, ambapo rubani au mwongoza ndege huripoti kosa na jina lake likafichwa.

Kuhusu kurudia namba: mwaka 1989, karibu na Kuala Lumpur, Malaysia, ndege ya mizigo ya Flying Tiger iliambiwa ishuke hadi futi 2,400. Kapteni akaitikia kwa 400. Mnarani hakuna aliyemsahihisha, na king'ora cha kuonya kuhusu ardhi kilipolia hawakupanda. Wote wanne waliokuwamo walikufa kilimani. Kwa hiyo anaporudia namba, kijana wako anatoa nafasi ya mwisho ya kosa kukamatwa, na aliye mnarani naye ana wajibu wa kusikiliza jibu hadi mwisho badala ya kukimbilia ndege inayofuata. Upande huo sisi nasi tuna lawama zetu.

Mkatazo wako hauna haja ya kufutwa wote, mama. Mfundishe kusema kwa heshima na kwa ukamilifu: "Kapteni, ramani inasema 3,400, nasi tunapita chini yake." Amwite kwa cheo chake, ataje namba, aseme kinachotendeka. Asiishie kwenye "lakini", wala asigune tu akitumaini mkubwa ataelewa. Kapteni akishikilia lake, aombe mnara uthibitishe mwinuko. Ni swali la sekunde chache redioni, na mwongoza ndege anayejua kazi yake hulijibu bila kinyongo.