Re: Ombi la leseni ya duka Tausi halisongi, nifanyeje?

Mkuu, umesema ombi la leseni ya duka lako Chikongola limekwama kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa kuombea leseni halmashauri, na namba ya malipo haijatoka. Usitume lingine kwanza. Namba haitoki mpaka afisa biashara wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani apitishe ombi, kwa hiyo fungua akaunti usome kama limerudishwa na kwa sababu gani. Wengi hawafungui, wanakaa kusubiri ujumbe wa simu.

Kinachosumbua zaidi ni majina. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na TIN, namba ya mlipakodi, ina 9. Unaweza kuziandika sawasawa, lakini kitambulisho kikisema "Saidi" na TIN "Said", hapo panazua utata. Rekebisha jina TRA (Mamlaka ya Mapato) kwanza, ndipo uombe upya uthibitisho wa mlipakodi (tax clearance), maana wa zamani utabaki na jina la zamani. Mkataba wa pango nao uwe na jina hilohilo, upigwe picha kurasa zote, na muhuri usomeke.

Ombi likipita, utapata namba ya malipo ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Ina tarehe ya mwisho, lipa mapema kwa simu au benki. Ukikuta bado kimya, nenda kitengo cha biashara na namba ya ombi mkononi, watalifungua hapohapo.