Lisbon Haisomeki Katika Ramani: Niliyojifunza Nilipompeleka Mama

Wiki iliyopita msomaji mmoja kutoka Tanga aliniandikia akiniuliza kama siku tatu zinatosha kuuona mji wa Lisbon akiwa pamoja na baba yake, mwalimu mstaafu ambaye tangu ujana wake ametamani kupaona mahali Wareno walikotokea. Nilianza kumjibu kwa sentensi mbili, nikajikuta nimejaza kurasa tatu, kisha nikazifuta zote, kwa sababu kila ushauri niliotaka kumpa ulinirudisha kwenye jambo ambalo sijawahi kulieleza hadharani. Nami nilimpeleka mzazi wangu katika mji huo huo, na nilimkosea.

Mimi ni mwalimu wa historia, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na nyumba yetu iko karibu na Ngomeni, yaani Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo Waomani waliwanyang'anya mwaka 1698. Mama aliuza mahamri na mbaazi kandokando ya kuta zile kwa zaidi ya miaka 25, na kwa mahamri hayo ndiyo tuliyosomeshwa mimi na ndugu zangu watatu. Nilipoajiriwa niliweka nadhiri kwamba siku moja nitampeleka akaone walikotoka watu waliojenga ukuta aliouegemea maisha yake yote. Niliweka akiba kwa miaka minne, bila mchango wa mtu na bila mkopo, na jambo hilo bado najivunia.

Habari za viza na ndege naziruka, kwa kuwa hazina tofauti na za miji mingine ya Ulaya.

Kosa langu la kwanza lilitangulia safari yenyewe. Nyumba ya wageni niliyoichagua ilitangazwa kuwa mita 400 kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi, na mita hizo zilikuwa za kweli kabisa, ila sehemu kubwa ya hizo 400 ilikuwa ni ngazi. Lisbon husemwa kuwa imejengwa juu ya vilima saba, na kilima cha ngome ya São Jorge kinasimama juu kabisa ya mto Tagus, ambao wenyewe huuita Tejo. Nilikuwa nimeisoma ramani ya mji ule mpaka nikaihifadhi, lakini ramani hukuonyesha umbali tu, haikuonyeshi mpando. Isitoshe, njia zao za miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyochongwa kwa mkono na kulainishwa na nyayo za watu mpaka vinang'aa, na mvua ikinyunya kidogo tu vinateleza kama sakafu iliyomwagika mafuta. Mama alikuwa amevaa ndala za ngozi zenye soli laini, na ndala hizo nilimnunulia mimi mwenyewe, kwa kuwa zilikuwa nzuri.

Siku ya pili tulikwenda Alfama. Jina la mtaa huo linatokana na Kiarabu, kwa sababu ya chemchemi za maji ya moto, na ukoo wake ni mmoja na neno letu hamamu. Waislamu waliutawala mji ule kwa karne kadhaa, hadi mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques alipouteka kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, pamoja na mawimbi na moto uliofuata, liliufuta mji wa bondeni, ndiyo maana leo eneo la Baixa lina barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari. Vichochoro vya Alfama kwa sehemu kubwa vilisalia. Mama alivifurahia mno. Aliona nguo zimeanikwa madirishani, akasikia wanawake wakiitana kutoka ghorofa hadi ghorofa, akaniambia kwamba pale hawezi kupotea, maana ni kwao.

Mimi nilikuwa na orodha ya mahali tisa. Nilitaka tumalize ngome kabla ya saa sita, kisha kanisa kuu, kisha roshani ya Santa Luzia inayotazama mto, na kila Mama aliposimama kupumua nilitazama saa. Katika ngazi ndefu ya tatu au ya nne alikaa juu ya kizingiti cha mlango wa mtu, akaweka mkoba wake mapajani, akasema, "Nenda wewe, mwanangu. Mimi nitakungoja papa hapa."

Nami nikaenda.

Nimeliandika sentensi hilo peke yake kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilizunguka juu ya kuta za ngome kwa zaidi ya saa moja, nikapiga picha za mapaa mekundu na za daraja jekundu la mwaka 1966, huku mwanamke wa miaka 68 ambaye hajui neno moja la Kireno amekaa peke yake katika kichochoro cha mji wa watu. Niliporudi sikumkuta kwenye kizingiti. Alikuwa mbele kidogo, kivulini, amekalishwa kwenye kigoda cha mbao, na mguu wake wa kulia umewekwa juu ya mto. Kifundo kilikuwa kimevimba hata alama ya ukanda wa ndala ilikuwa imezama nyamani. Pembeni yake alikuwa bibi mmoja wa makamo yake, mwenye aproni iliyojaa vibanio vya nguo mfukoni, na kati yao kulikuwa na meza ndogo yenye bilauri ya maji na chungwa lililomenywa. Mama alikuwa anaigusa ile meza kwa kidole na kusema "meza," na yule bibi anasema "mesa," wakirudiarudia kama watoto wa chekechea, kwa furaha ambayo mimi sikuwa nimempa tangu tulipotua. Neno hilo tulilipata kwao, kama tulivyopata bendera, leso, foronya na parafujo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu hivyo ubaoni. Mama alijifundisha upya kwa kukaa tu.

Jioni ile kijana wa mapokezi alinieleza mambo ambayo ningeyajua mapema kama ningeuliza. Kuna lifti ya bure ndani ya jengo lililo Rua dos Fanqueiros, kule chini Baixa, inayokutoa Rua da Madalena. Ukitembea kidogo unaikuta lifti nyingine inayokupandisha karibu na ngome. Kuna basi namba 737 linalotoka uwanja wa Praça da Figueira na kufika hadi juu. Kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Baixa-Chiado kina ngazi za umeme zinazokutoa bondeni na kukufikisha mtaa wa juu wa Chiado bila kutoka jasho. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, nanyi mtaniwia radhi nikiurudia: katika mji wa vilima, panda kwa chombo na ushuke kwa miguu. Anza juu, malizia chini. Lala chini vilevile, bondeni Baixa au karibu na uwanja wa Rossio, hata ikigharimu zaidi, kwa maana ukichoka jioni hutakuwa na mlima wa mwisho unaokungoja kati yako na kitanda.

Tramu ya njano namba 28 ambayo kila mtu huipigia picha ni nzuri kwa macho, lakini mchana hujaa watu waliobanana na wezi wa mifukoni, na mzee atapanda akiwa amesimama. Ipandeni asubuhi mapema, pale Martim Moniz inapoanzia safari, au muiache. Magari ya reli yanayovutwa kwa kamba milimani yalisimamishwa baada ya ajali ya Septemba 2025 katika njia ya Glória, iliyoua watu 16, basi hakikisheni hali yake kabla ya kuyatia katika mipango yenu.

Siku tatu zilizofuata Mama alizimaliza chumbani na kwenye mkahawa wa jirani, mguu ukiwa juu. Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto, ambako ndiko hasa tulikokuja, niliiweka siku ya mwisho. Huko hakuna vilima; tramu namba 15 inakufikisha. Kuna monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501 kwa kodi ya asilimia 5 iliyotozwa biashara ya Afrika na Mashariki, na ndani ya kanisa lake ndimo lilimo kaburi la Vasco da Gama, aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498. Miaka saba tu baada ya hapo, mwaka 1505, kikosi cha Wareno kilichoongozwa na Francisco de Almeida kiliichoma moto Mombasa. Nilitaka Mama asimame mbele ya kaburi lile. Sikutaka aseme lolote. Nilitaka asimame tu.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu, na Jerónimos hufungwa Jumatatu.

Mwalimu wa historia, mwenye miaka minne ya akiba na daftari lenye mahali tisa, sikutazama siku za kufungua. Mama aliuweka mkono juu ya jiwe, mahali palipochongwa kamba za meli, akalitazama lango kubwa kwa muda mrefu. "Kwetu Malindi," akasema, "alifunguliwa." Kisha akanishika mkono tukarudi polepole kituoni.

Vijana wenzangu, wazazi wetu hawatatuambia kwamba wamechoka. Walitulea kwa kutosema kwamba wamechoka, na hawataanza kusema leo katika nchi ya watu, tena wakijua tumelipia. Ni juu yetu kuona mkono unapotafuta ukuta, kuona pumzi inapokatika katikati ya maneno, na kulifunga daftari. Vituo viwili kwa siku vinatosha, na kimoja kati ya hivyo kiwe kiti. Hatukuwapeleka kuhesabu minara.

Kwa ndugu yangu wa Tanga: siku tatu hazitoshi, mpe baba yako sita, mnunulie viatu vya soli ya mpira yenye meno, na kama ni lazima uchague, anza na Belém siku yoyote isiyokuwa Jumatatu. Mimi nimeshaanza kuweka akiba tena. Nimemwambia Mama kwamba safari hii tutalala bondeni, tena tutakwenda Belém Jumanne, naye hakuniuliza lolote kuhusu kaburi. Ameshanunua leso ya kumpelekea yule bibi wa Alfama, nyekundu yenye korosho pembeni. Iko kabatini, doti nzima, haijakatwa wala kupindwa.